Sehemu ya Dada

Isiolo, 14 Januari 2025

Kaka yangu Elema,

Assalaam aleikum, wewe na Dahabo na kila anayelala bomani kwako. Naomba barua hii ikukute Garbatulla na si malishoni, maana Lokorio amesema hataingia porini na lori lake kumtafuta mtu.

Sisi huku tuko. Mulki amemaliza chuo, kazi hajapata, kwa hiyo ananisaidia kwenye kibanda cha nguo. Yeye anauza mitandio kwa picha za simu, binti yangu huyo wa kisasa. Mimi nauza kwa mdomo na bado namshinda.

Ningepiga simu, lakini tangu sindano za kifua kikuu zikuchukulie masikio, kila neno langu hukufikia likiwa limeonjwa na mkeo. Hata ujumbe wa simu yeye ndiye anaufungua. Dahabo ni mtu mwema, sina ubaya naye. Hili ni la tumbo moja tu.

Ule uvimbe wa miguu niliosema ni wa kusimama kibandani, sio wa kusimama. Ni figo. Presha imezila polepole miaka yote ile niliyokuwa nikimeza dawa nikikumbuka. Daktari anasema zimebaki na nguvu asilimia kumi na saba. Nina miaka hamsini na mmoja.

Kuna njia mbili. Moja ni mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki, maisha yote. Nyingine ni kupewa figo na mtu wa damu yangu, na kwa hiyo ya pili lazima kwanza nipungue. Nina kilo mia moja na tatu. Wanataka themanini na tano, ndipo wazungumze. Magdaline, mtaalamu wa lishe pale kliniki, alikaa nami saa nzima akinieleza nipungue polepole, nisipoteze nyama ya mwili pamoja na mafuta, sijui yai, sijui kipande cha nyama, sijui mazoezi ya kuinua vitu. Alisema mengi. Mimi nilishika mawili: chumvi hapana, nyama kidogo.

Sasa nimefika kwenye ninachoomba na mkono umekuwa mzito. Tulizaliwa wanne, tumebaki wawili. Unajua ninachoomba. Ukikataa nitaelewa, na sitakuuliza mara ya pili.

Dada yako,
Kabale


Garbatulla, 31 Januari 2025

Kwa Kabale,

Waaleikum salaam. Dahabo amenipa barua yako ikiwa imefungwa bado, akakaa mlangoni kunitazama nikisoma. Amenuna mpaka leo.

Tuko wazima. Malisho yapo kidogo. Fisi amekula ndama wawili wa jirani, sisi bado hajatutembelea. Mimi nina miaka hamsini na saba, meno yote yangu.

Sasa sikia. Unaniandikia kurasa mbili kama mtu anayeomba chumvi kwa mgeni? Chukua. Masikio yangu yalikwenda bila kumfaa mtu, figo angalau itamfaa dada yangu. Mwezi ujao Lokorio anapeleka mbuzi Nairobi. Nitapanda naye, nipimwe huko huko, wakishamaliza na mimi nikuletee habari.

Lokorio amebeba kopo la nyirinyiri. Dahabo amekaanga nyama ya ngamia akaifunika kwa samli, na nilisimama juu yake nikihakikisha hakuna chumvi hata chembe. Usiniambie umekatazwa. Baba akichinja, hata mbuzi mmoja wa mgeni, sehemu ya dada ilikuwa imeshasafiri kabla watu hawajanawa mikono. Shangazi alikaa Oldonyiro na bado ilimfikia. Kula kidogo kidogo, lakini kula.

Unakumbuka tukicheza madalali chini ya shuka ya baba? Mkono wangu ndani, mkono wako ndani, vidole vinasema bei na watu hawaoni. Ulikuwa unanibana mpaka nalia, kisha unasema bei imepanda. Mkono ule ndio ninaupa figo. Usiulegeze.

Elema


Isiolo, 21 Machi 2025

Kaka Elema,

Ramadhani njema, na Mungu azipokee saumu zenu. Nimekaa kimya wiki saba, nilitaka nikuandikie nikiwa na habari. Mulki anakusalimu. Amepata mchumba, au anadhani amepata. Ukija utampima mwenyewe, wewe unajua madume.

Habari ni hii: kilo tisini na tatu! Napimwa kwa Wambugu wa nafaka, kwenye mizani ya magunia, kila Ijumaa. Wambugu anasema akiendelea kuniona nikishuka hivi atafikiri panya wameingia stoo. Wanawake sokoni wananiuliza kama naumwa, maana kwetu mtu hapungui kwa kupenda, hupungua kwa ugonjwa au kwa kufiwa. Nawaambia nimepata mganga mzuri.

Nafunga. Usianze kelele. Daktari alinikataza na sheikh naye akasema mgonjwa ana ruhusa. Lakini nilianza Januari, kabla hata ya mwezi kuandama. Uji kikombe kimoja alfajiri, kabichi ya kuchemsha jioni. Nyama nimeacha kabisa. Magdaline alisema kidogo, na mimi nikaona kidogo ya kidogo ni hakuna. Kopo lako liko juu ya kabati, sijaligusa. Siku nikitoka hospitali na figo yako tumboni, tutalifungua pamoja.

Kliniki nimeruka mara mbili. Nitarudi nikiwa nimefika, nataka niwashangaze.

Majibu yako je? Nilimwambia Mulki apige simu Nairobi aulize, wakamwambia majibu ni ya aliyepimwa, wao hawawezi kusema. Ulipita Isiolo kwenda na kurudi na hukushuka hata kunywa chai. Au ndio kiburi cha mtu mwenye figo mbili?

Kabale


Garbatulla, 30 Aprili 2025

Kwa Kabale,

Salaam kwako na kwa Mulki. Huyo mchumba aje nimwone meno.

Mvua ilikuja siku nne ikaondoka. Mto umepita ukaacha mchanga. Dahabo aliumwa na mgongo, amepona, sasa mgongo unamuuma akiona kuni tu. Nimemuuza yule dume wa pembe moja, na aliyemnunua amesharudi mara mbili kulalamika.

Unauliza habari za vipimo. Nilikwenda. Damu walichukua, mkojo walichukua, mkono wakaubana na ile kamba ya presha. Watu wa hospitali hawana haraka. Ng'ombe mwekundu amezaa, jike.

Kabale, mwandiko wako. Mstari wa kwanza umesimama vizuri, kufika chini unateremka kama mbuzi anayetafuta maji. Zamani uliandika ukurasa mzima bila kupumzisha mkono. Bado unabeba mtungi wa lita ishirini kutoka bombani? Niandikie hilo, usiniandikie kilo.

Na usikimbie hivyo. Hakuna anayekufukuza. Ukila kipande kimoja cha nyama hutaharibu kitu. Nasema tu.

Elema


Isiolo, 9 Juni 2025

Kaka,

Idi imepita, na pole kwa kuwa hatukuonana. Nyama tuligawa yote kwa majirani. Nilinusa mikono yangu, nikalala.

THEMANINI NA NNE. Wambugu amepiga makofi. Nimevuka, Elema, nimevuka na kilo moja zaidi!

Maji analeta Mulki siku hizi, kwa nini nijichoshe nikiwa na msichana mzima nyumbani. Mlango wa chuma wa kibanda anaufungua yeye pia, umeshika kutu. Nimenunua kiti kirefu, vile vifupi vinanikalisha chini sana. Miguu bado inavimba jioni. Nguo zangu zote zimekuwa za mtu mwingine.

Nataka tarehe tu. Umesema hospitali hawana haraka, lakini mimi ninayo. Nimefanya sehemu yangu. Niambie ya kwako.

Kabale


Garbatulla, 20 Julai 2025

Dada yangu,

Mungu akupe nguvu. Nimefika salama. Dahabo anakusalimu, na safari hii sijamwambia chochote, ameona uso wangu akaacha kuuliza.

Nilikuja bila kukuambia kwa sababu sikuamini barua zako. Ulikuwa kwenye kile kiti kirefu. Uliponiona ulitaka kusimama. Ulishika meza, ukavuta, meza ikaja kwako badala ya wewe kwenda kwayo. Mulki akakushika kwapani. Ulicheka. Mimi sisikii kicheko, naona meno tu, na macho yako hayakuwa yanacheka.

Nikavua shuka nikaifunika mikono yetu, kama mchezo. Nilikusubiri unibane. Nilidhani hujaanza. Kumbe ulikuwa unabana kwa nguvu zako zote.

Kazi yangu ni kushika migongo ya wanyama, Kabale. Miaka thelathini. Najua mnyama aliyepungua mafuta na mnyama aliyekula mgongo wake mwenyewe. Wa pili anasimama leo, kesho mnamwinua watu wanne, kesho kutwa mnamchuna. Nilikushika bega, chini ya mtandio na nguo tatu ulizovaa ili nisione. Hapakuwa na nyama. Wewe umejila.

Sasa nitasema. Februari pale Nairobi walinikataa. Siku ile ile. Mkojo wangu unatoa kitu kisichotakiwa kutoka, presha yangu iko juu, na figo zangu nazo zimeanza. Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa kwa sababu sisikii: HUWEZI KUTOA. TIBIWA WEWE. Ndio maana sikushuka Isiolo. Nilikuona ukifungua kibanda, lori likapita.

Miezi mitano nimekaa nayo. Nilijidanganya hivi: kupungua ni dawa, daktari ndiye amemwagiza, nikimwambia hakuna figo ataacha kupungua, basi nimwache afike kwanza. Mimi, ninayejua ng'ombe wa kiangazi. Ulikuwa unajinyima kwa ajili ya figo ambayo haikuwapo, na mimi nilikuwa najua.

Sina la kuongeza. Nenda kliniki kesho, usingoje Ijumaa.

Elema


Isiolo, 28 Septemba 2025

Elema,

Sikuanza na salaam na unajua kwa nini. Salaam ziko mwishoni, kama zitakuwepo.

Barua yako ilifika Jumanne ya mwisho ya Julai. Nilikwenda kliniki Alhamisi, na mlangoni kwao niliteleza, au hata sikuteleza, goti lilikataa tu. Sikuvunjika. Magdaline alinipa kishikio chenye mshale niminye. Kwa mwanamke wa umri wangu mshale hufika ishirini na kitu. Wangu ulikwenda nane. Akaniambia nikae kwenye kiti, nisimame mara tano bila kushika. Nilisimama mara moja. Akafungua faili akaniuliza mbona nilikuwa sijaja tangu Februari. Nikamwambia nilikuwa napungua. Akasema kilo nyingi nilizopoteza hazikuwa za mafuta. Mizani ya Wambugu haikunidanganya. Nami sikuiuliza kilo za nini.

Agosti damu ikachafuka. Nilianza kutapika, nikawa namwita Mulki kwa jina la mama. Wameniwekea mrija shingoni. Sasa niko kwenye mashine, Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara. Daktari anasema hata angepatikana mtu wa kunipa figo, kwa mwili huu hawawezi kunipasua. Mulki alisema yeye atatoa. Nikamfokea mpaka jirani akaja. Hajaolewa, hajazaa, na damu yetu wote tumeiona ilivyo.

Miezi mitano, Elema! Ningejua Februari ningelia wiki moja, halafu ningekula. Ningekuwa na miguu. Nilikuwa nalala njaa nikijiambia ni kwa ajili ya kaka, asije akatoa figo yake bure. Nimekukasirikia kiasi kwamba nikiwa kwenye mashine nakutukana kwa Kiborana, na mgonjwa wa kitanda cha pili anaitikia amina akidhani naomba dua.

Lakini kuna jambo sitalificha, nisije nikawa kama wewe. Magdaline aliniambia polepole. Aliniambia Januari, kwa mdomo wake, na mimi nina masikio mawili mazima. Mimi ndiye niliyeacha nyama. Wewe uliandika "kula kidogo kidogo, lakini kula," ukatuma na kopo.

Na sasa sikia ajabu. Mtu wa mashine anatakiwa kula nyama zaidi, maana mashine inaondoka na chakula cha misuli pamoja na uchafu. Mayai, kuku, samaki. Nikamwambia Mulki apande kwenye kabati. Kopo lako la Januari, samli imeganda juu, chini nyama haijaharibika hata kidogo. Nimekula kijiko. Nililia, sijui kwa utamu au kwa hasira.

Sijakusamehe. Waaleikum salaam kwa Dahabo.

Kabale


Garbatulla, 19 Oktoba 2025

Dada yangu,

Salaam nimezipokea kupitia Dahabo, sikustahili zaidi.

Mvua ya vuli haijaja. Tunapeleka ng'ombe maji Gotu, wengine hawarudi. Yule mwekundu amekufa, ndama wake tunamnywesha chai.

Unitukane, ni haki yako. Nikija utanitukana usoni, nitasoma midomo.

Juu yangu usihangaike. Dawa ya presha nameza. Nyama nimeacha, maziwa pia. Chai ya rangi na uji, basi. Nikiwaona ng'ombe na nikikukumbuka, chakula hakipiti hata hivyo. Suruali inashikwa na kamba. Dahabo anaita watoto wa jirani wanisaidie kunywesha, ndoo imekuwa nzito siku hizi. Ni sawa. Acha na mimi nipungue, labda figo zitapumzika.

Elema


Isiolo, 9 Novemba 2025

Kaka yangu Elema,

Assalaam aleikum. Safari hii naanza nayo, ujue nimekaa vizuri kukuandikia. Mulki mzima, mchumba ametoroka alipoona mrija shingoni mwangu, na tumechinja kuku kusherehekea. Wambugu amefiwa na kakake, nimempelekea pole na kilo mbili za sukari.

Nimesoma barua yako mara tatu. Ndoo imekuwa nzito. Suruali na kamba. Wewe mjinga wa watu, hiyo ni barua yangu ya Juni! Umeinakili neno kwa neno, umeondoa Wambugu tu. Unadhani unanilipa? Nani alikwambia njaa yako itanirudishia nyama yangu?

Nimemsomea Magdaline. Amesema hivi, na mimi nimeandika akisema, safari hii sikushika mawili. Wewe hujafika kwenye mashine, kwa hiyo nyama kidogo, lakini kidogo si hakuna. Kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole, au mayai mawili, kila siku. Chumvi hapana. Maziwa kikombe kimoja, ukipimwa damu atakwambia kama yaongezwe. Uji wako ule na maharage kidogo, ushibe. Ndoo usimpe mtoto wa jirani. Beba mwenyewe nusu, wiki ijayo nusu na vikombe viwili. Kila asubuhi kaa kwenye kigoda, simama bila kushika kitu, mara kumi. Ukishindwa, mara nne. Dahabo ahesabu. Na uje upimwe hapa, usiseme ng'ombe.

Mimi nimefika kumi na moja kwenye kile kishikio. Kutoka nane. Kwenye kiti nasimama mara mbili na nusu, hiyo nusu Mulki anaihesabu kwa huruma. Daktari hakunificha: nyama inayoondoka kwenye umri huu na ugonjwa huu hairudi yote, huenda isirudi nusu. Kutoka kitandani mpaka mlangoni napumzika mara moja. Hakuna figo inayokuja kutoka kwako, wala kwa Mulki, wala kwa mtu. Hiyo nimeizika na sitaki unifukulie. Tulikuwa wanne. Nimebaki na wewe, na wewe ndiye ninayekutaka uwe na mgongo.

Lokorio anakuletea kopo. Ni lile lile. Nimekula theluthi mbili, iliyobaki ni yako, kipande kimoja kwa siku mpaka iishe. Baba hakusema kama kuna sehemu ya kaka, lakini baba hakuwa na watoto wagonjwa.

Njoo siku yoyote isiyo Jumatatu wala Alhamisi. Njoo na shuka. Nitakubana kwa zile kumi na moja zangu zote, na wewe unibane, na usinionee huruma. Nataka nijue umebakiwa na kiasi gani.

Dada yako,
Kabale